Mchwa wa Masjala

Wenzake wa masjala walimwita Mchwa, naye hakuchukia. Jina lilitokana na vipande vya karatasi. Popote alipokaa aliviacha: chini ya kiti, kwenye mikunjo ya sketi, mara nyingine hata nyweleni, vipande vyembamba kama kucha za mtoto. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya wagonjwa katika hospitali kubwa, kuyatafuta yanapohitajika na kuyarudisha rafuni yanapomalizwa. Majalada yaliyochakaa yalipobadilishwa, mkuu wa masjala alimruhusu achukue yale ya zamani, mradi achane kwanza sehemu yenye jina la mgonjwa. "Mpeni Mchwa," alikuwa akisema. "Yeye atayala."

Alivyoyala hasa, hakuna aliyejua. Mchwa alikuwa akikata picha.

Mambo yalianza miaka sita nyuma, alipokuwa na mimba iliyomsumbua, daktari akamwamuru akae kitandani miezi mitatu asinyanyue hata ndoo. Mtu aliyezoea kupanda na kushuka ngazi za rafu kutwa nzima, kulala kulikaribia kumtia wazimu. Siku moja akachukua mkasi wa kucha na boksi tupu la dawa, akakata jani. Jani lilikuwa baya. Akakata jingine. Mtoto alipozaliwa salama salimini, mama yake alikuwa amekwisha kuambukizwa ugonjwa ambao hakutaka uponywe.

Tangu hapo mkasi wa kucha ulikuwa umekipisha kisu chembamba cha kubadilisha wembe. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kwa kuharibu. Alijifunza kwamba kinachogeuzwa ni karatasi, mkono wenye kisu hukaa palepale. Alijifunza kwamba matundu ya ndani hukatwa kwanza na ukingo wa nje mwisho, maana ukianza na ukingo karatasi hukosa nguvu na kuchanika. Na kwamba kila kitu lazima kishikwe na kingine, jani na tawi, tawi na shina; ukisahau kishikizo kimoja, unanyanyua picha na nusu yake inabaki mezani inakutazama. Alikata ndege, madirisha, mikono ya watu, miti. Akimaliza aliziweka kwenye bahasha kubwa za picha za eksirei akazisukuma nyuma ya kabati. Mumewe, fundi umeme, alijua, na alilichukulia kama wanaume wengine wanavyomchukulia mke anayependa kulala mchana: jambo lisilomdhuru mtu.

Kisha mama mkwe akahamia kwao.

Mama huyo alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mitano, na mtaani kwake walimwita Bibi Mkunga hata wale waliomzidi umri. Presha ya macho ilimla kuona kwake kidogo kidogo, pembeni kwanza, halafu katikati, mpaka mwaka aliozaliwa mjukuu wake taa ikazimika kabisa. Alikuwa akiishi na mdogo wake wa kike, lakini mdogo mtu naye magoti yakamgomea, akachukuliwa na wanawe. Basi Bibi akaja kwa mwanawe wa pekee na begi moja, fimbo moja, na kiburi kisichoingia kwenye begi.

Mchwa alimwogopa. Si kwamba waliwahi kugombana. Walikuwa kama majirani wanaogawana ukuta: kila mmoja alijua mwenzake yupo, wakasalimiana, yakaisha. Bibi alisema mambo yalivyo, na Mchwa alikuwa mtu wa kumeza maneno. Isitoshe, chumba pekee kilichokuwa na nafasi ya kitanda cha pili kilikuwa kile chenye meza yake ya kukatia, dirishani. Kitanda kikaingia, meza ikabaki kwenye kona. Jioni, akitoka kazini, alisubiri Bibi ajinyooshe, kisha akanyata mpaka mezani na kukata kimya kimya nusu saa kabla ya kwenda jikoni.

Siku ya nne Bibi alimwita mwanawe, akamweleza kwa sauti ya mtu asiyependa kulalamika kwamba chumba kina panya. Tena si panya wa hivi hivi, alisema, ni panya mwenye adabu, anaanza kutafuna saa kumi na moja jioni na kuacha kabla ya chakula. Fundi umeme hakuwa mtu wa maswali mengi. Akaleta mtego, akautega chini ya meza, akasahau kumwambia mkewe.

Kesho yake Mchwa aliketi, akavuta kiti, akanyoosha mguu. Mtego ukafyatuka ukabana ncha ya kandambili, nusu inchi tu kutoka kidoleni.

"Amenaswa?" Bibi akauliza kutoka kitandani. Kumbe hakuwa amelala.

Mchwa alitazama mguu wake, akatazama mlango. Hakukuwa na pa kukimbilia.

"Amenaswa, Mama," akasema. "Panya ni mimi."

Bibi akaangua kicheko kilichomtoa mjukuu wake mbio kutoka uani kuja kuona kuna nini. Mjukuu huyo waliyempa jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake ulifungika usingizini tu, alitaka aelezwe, akaelezwa, akaona ni kawaida kabisa mama yake kuwa panya, akarudi kucheza.

"Sasa lete nione unatafuna nini," Bibi akasema.

Neno lile "nione" lilimchanganya Mchwa, lakini mkono wa mzee ulikuwa umeshanyooshwa. Akampa picha aliyokuwa ameimaliza juzi: ndege amesimama juu ya tawi. Alitegemea Bibi aipapase kwa ncha za vidole, aseme ahsante, airudishe. Bibi hakufanya hivyo. Aliilaza juu ya goti, akaweka kiganja kizima juu yake na kukiacha hapo kama mtu anayemtuliza mtoto. Kisha vidole vikaanza kutembea, taratibu, kila kimoja na njia yake.

"Ndege," akasema. "Mkia mrefu. Hapa umekata kwa wembe butu, pana manyoya manyoya yasiyo ya ndege. Na huyu ana mguu mmoja."

Mchwa alieleza kwamba ndege amesimama ubavu, mguu wa pili umejificha nyuma ya wa kwanza.

"Kwa macho amejificha. Kwa vidole ni kilema."

Mchwa akaichukua picha yake. Miaka sita alikuwa amekata bila mtu kumkosoa, na jambo la kwanza kuambiwa kuhusu kazi yake lilikuwa hilo. Alipokuwa jikoni baadaye, akimenya viazi, ndipo alipogundua kwamba hakukasirika. Alikuwa akiwaza namna ya kuutoa ule mguu.

Tangu siku hiyo hapakuwa na kunyata. Bibi aliketi kitandani mgongo ukutani, Mchwa mezani, na kazi ikaendelea huku wakizungumza au wakinyamaza. Mara nyingi aliyezungumza ni Bibi. Alimsimulia jinsi alivyokuwa akisoma tumbo la mama mjamzito kabla mashine za picha hazijafika kituoni kwao: kiganja kwanza, upate umbo lote, ndipo vidole vitafute kichwa kiko wapi na mgongo umeelekea wapi. Anayeanza na vidole, alisema, anakuta vitu vingi na hajui ni kitu gani. Mchwa alisikiliza akaelewa kwamba picha zake zilikuwa na vitu vingi na umbo dogo. Akaanza kukata upya. Alipunguza majani. Aligandisha jalada juu ya jalada ili kilicho mbele kinyanyuke na kilicho nyuma kibaki chini. Alichukua sindano ya kushonea akawa anadunga karatasi kutoka nyuma, vinundu vikatokea mbele, manyoya ya ndege yakapapasika. Kila kitu kilipita mikononi mwa Bibi, na Bibi hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Huu mti au ufagio? Dirisha hili limelewa. Mkono huu, sawa, mkono huu umefanya kazi, nausikia.

Siku Bibi aliposema "nausikia", Mchwa alikwenda bafuni, akafungua bomba, akalia kidogo. Hakujua kama ingewezekana mtu mwingine akaisikia kazi yake.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa Bibi pale nyumbani alipotoa ombi lake. Chiriku alikuwa amekaa mapajani mwake naye Bibi akijaribu kumpapasa uso, na mtoto, mwenye kutekenyeka kama nini, alicheka akajinyonganyonga akateleza akakimbia. Bibi akabaki mikono hewani.

"Nimepokea watoto wengi mpaka nikaacha kuhesabu," akasema. "Wote niliwaona kabla ya mama zao. Mjukuu wangu mwenyewe ndiye sijamwona. Nikimshika, anaondoka." Akaishusha ile mikono. "Nikatie huyu mtoto."

Mchwa hakuwahi kukata uso wa mtu. Alikubali kabla hajafikiri, kisha akafikiri, akaogopa. Aliweka mbele yake picha ya Chiriku ya shuleni, anatazama mbele, akakata macho, pua, mdomo, masikio, vishikizo vyote mahali pake. Kwa macho ilikuwa nzuri. Mumewe aliitazama akapiga mluzi. Chiriku aliibusu. Mchwa akaipeleka kwa Bibi.

Bibi aliweka kiganja. Akatembeza vidole. Akarudia.

"Ni nzuri," akasema kwa upole. "Ahsante, mwanangu."

Hapo Mchwa akajua ameshindwa. Bibi hakuwa na upole wa namna hiyo kwa kitu kizuri. Matundu mawili ya macho, tundu la mdomo: vidole vilikuta mashimo tu, kama kifuniko cha chujio. Uso haukuwemo. Lililomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa ameamua kumwonea huruma, na alikuwa amemwita mwanangu kwa mara ya kwanza kwa ajili ya huruma hiyo.

Siku mbili hakugusa kisu. Ya tatu, Jumamosi, alikuwa akitundika nguo uani jua likiwa limeinama, akaona kivuli cha Chiriku ukutani, ubavu, akibishana na mdoli. Paji la uso, bonde dogo, pua, mdomo, kidevu: mstari mmoja tu, usio na tundu hata moja, na ulikuwa Chiriku mtupu. Mchwa aliliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja, akaingia ndani kutafuta jalada na gundi ya karatasi.

Tatizo likawa kumtuliza. Alibandika jalada ukutani mkabala na dirisha, akamkalisha mtoto kwenye kigoda, akachukua penseli. Chiriku alikaa kimya kwa muda wa kuhesabu mpaka nne. Aliuliza penseli inafanya nini, kama kivuli kinaumia kikichorwa, kama panya wana vivuli. Mchwa alimwomba, akamwahidi, akamkaripia. Kivuli kilicheza ukutani kama bendera.

"Chiriku," Bibi akaita kutoka kitandani. "Nimewahi kukusimulia siku aliyozaliwa baba yako?"

Akaanza kusimulia. Alikuwa zamu siku hiyo, alisema, anamzalisha mwanamke mwingine, na uchungu wake mwenyewe ukamjia katikati ya kazi. Akajiambia huyu wa tumboni atasubiri zamu yake kama wengine. Mikono inapokea mtoto wa watu huku miguu inatetemeka. Alimkata kitovu, akamfuta, akampa mama yake, akasema hongera, halafu akapanda kitanda cha jirani na kumwambia msaidizi wake, haya, sasa mimi. Mchwa mwenyewe hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alichora haraka haraka, mkono thabiti, huku mtoto ameganda kama sanamu na masikio yote yako kwa bibi yake. Mstari ulipofika kidevuni hadithi ilikuwa bado, naye akaisikiliza mpaka mwisho penseli ikiwa mkononi.

Kukata kulichukua siku tisa. Alitumia majalada matatu yaliyogandishwa pamoja kwa ajili ya uso, akaongeza la nne kwa ajili ya sikio na shavu. Nywele alizidunga kwa sindano, kinundu baada ya kinundu, kufuata njia za misuko. Siku ya saba wembe uliteleza mdomoni ukala kipande cha mdomo wa juu. Aliweka kisu chini.

"Umekata pabaya," Bibi akasema. Alikuwa amesikia ukimya.

"Nimekata pabaya, Mama. Nitaanza upya."

"Kipande kiko wapi?"

Kilikuwa juu ya meza, kidogo kama punje ya mchele.

"Basi kirudishe. Mtoto akitoka vibaya hatumrudishi, tunamrekebisha."

Mchwa alikigandisha kwa nyuma kwa kipande cha karatasi nyembamba, akakisugua kwa ukucha mpaka kikakaa. Ukitazama kwa karibu utaona alama. Hakuificha.

Jumatatu jioni, alipomaliza, mumewe alikuwa amerudi, na Chiriku alikuwa ameonywa asiseme neno, jambo lililomfanya ajizibe mdomo kwa mikono miwili. Bibi aliomba maji kwanza. Alinawa mpaka kwenye viwiko, kila kidole peke yake, akajifuta. Ndipo akapokea.

Akaweka kiganja. Kikakaa muda mrefu. Kisha kidole cha shahada kikaanza juu, kwenye paji la uso, kikateremka polepole bondeni, kikapanda pua, kikasimama.

"Pua hii ni ya marehemu mume wangu," akasema. "Alikuwa akisema ni ya kifalme. Nilimwambia ni ya kasuku."

Fundi umeme alijishika pua yake bila kujua.

Kidole kikashuka. Kikafika mdomoni, kikapita kwenye ile alama, kikarudi.

"Mdomo uko wazi. Alikuwa anaongea?"

"Hapana, Mama," Mchwa akasema. "Alikuwa anakusikiliza."

Bibi machozi yalimtoka bila uso kukunjamana, yakateremka tu kama maji kwenye kioo, naye akanyanyua ile picha asije akailowanisha. Aliendelea kuishika juu vile, mikono imenyooka, na ilionekana kama mtu anayemwonyesha mama mtoto wake kwa mara ya kwanza. Chiriku alishindwa kuvumilia, akaachia mdomo na kuuliza kama Bibi ameumia.

"Sijaumia," Bibi akasema. "Nimekuona." Kisha akamgeukia Mchwa, au pale alipojua Mchwa amesimama. "Mwanangu, nilidhani nimekuja hapa kungoja siku zangu. Mungu akuwekee mikono hiyo. Ahsante."

Safari hii "mwanangu" halikuwa la huruma. Mchwa alitaka kumwambia kwamba anayestahili kushukuru ni yeye. Alitaka kusema kwamba kwa miaka sita alikuwa akikata vitu na kuvizika nyuma ya kabati, na kwamba ilihitajika mtu asiyeona ili kazi yake ionwe. Lakini alikuwa mtu wa kumeza maneno, na haya yalikuwa makubwa. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mzee ambao bado ulikuwa na unyevu, akauweka usoni kwake mwenyewe. Akatulia, asitekenyeke, asiondoke. Kiganja kwanza, kisha vidole. Bibi alimsoma polepole kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Kumbe ndiwe huyu," akasema. "Unafanana na mtu anayeweza kuongea."

"Nitajaribu, Mama. Ahsante. Ahsante sana."

Bahasha za eksirei zikatolewa nyuma ya kabati. Ndege, miti na madirisha vikabanwa kwa pini ukutani kwa kimo ambacho Bibi angeweza kuvifikia akiwa amesimama, na asubuhi alipita ukuta mzima kwa mkono kama mtu anayesalimia majirani. Ile ya Chiriku haikubandikwa. Bibi alikaa nayo kwenye begi lake, katikati ya kanga mbili, akatembea nayo.

Alitembea nayo mpaka kliniki ya macho. Alikuwa akienda kila baada ya miezi mitatu, si kwa kutarajia kuona bali kwa ajili ya maumivu, na kliniki ilikuwa katika hospitali ileile ya Mchwa, ghorofa moja chini ya masjala. Siku hiyo Mchwa aliomba ruhusa ya saa moja ampeleke. Alimkalisha kwenye benchi, akaenda kuchukua faili mwenyewe, maana alijua lilipo, na aliporudi alikuta benchi lote limeinama. Picha ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Watu wanane, wengine na miwani myeusi, wengine na fimbo magotini, na kila aliyeipokea alikuwa akielekezwa na Bibi: kiganja kwanza, usiwe na papara, sasa shuka. Mwanamke mmoja alicheka alipofika puani. Mwingine alisema, huyu mtoto msikivu.

Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba aliyekuwa fundi saa. Yeye aliishika muda mrefu kuliko wote, akaigeuza, akapapasa na ukingo, kisha akauliza aliyekata yuko wapi. Bibi akasema yuko mbele yako, anaitwa Mchwa, usimwogope.

"Mke wangu yupo dirishani pale, anafuatilia kadi yangu," fundi saa akasema, akishusha sauti. "Tumeoana miaka arobaini. Mwaka wa tatu huu sioni. Sauti yake ninayo, lakini uso wake umeanza kunitoka, na sijamwambia. Nikilala najaribu kuukumbuka, pananitoka mahali, mara kidevu, mara macho." Akairudisha picha kwa mikono miwili. "Unaweza?"

Mchwa hakumeza neno safari hii. Alimwambia anaweza, na kwamba itachukua siku tisa, labda kumi, na atamhitaji mama huyo aje nyumbani jioni, jua likiwa limeinama. Fundi saa alitikisa kichwa mara nyingi. Bibi alijisogeza kwenye benchi apate kusikia vizuri na kujifanya hasikii.

Mke wa fundi saa alirudi na kadi mkononi, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, akakuta watu wote wamenyamaza na kumwelekea. Aliuliza kulikoni. Mumewe alinyoosha mkono, akampata kiwikoni, akamvuta taratibu akae kando yake.

"Keti hapa, mama," akamwambia. "Geuka ubavu kidogo. Unatazamwa."

Mama yule aligeuka, haelewi, anacheka, na Mchwa alikuwa ameshachutama mbele yake, akiifuata ile njia kwa macho, paji, pua, midomo inayotaka kuuliza.